Gati la Shimanzi na tundu la skrini

Bandari ya Kilindini, Mombasa, imezoea kuzigawa meli za mafuta kwa ukubwa. Ndogo hufunga Shimanzi, kisiwani. Kubwa huelekea Kipevu, upande wa bara, ambako mwaka 2022 lilifunguliwa gati jipya lenye nafasi ya meli nne kwa pamoja. Shimanzi haikukosa matangi, maana matangi ndiyo sura ya mtaa wenyewe. Kilichoipimia meli ni gati.

Laptopu inayounganishwa na skrini ya nukta 3840 kwa 2160, yaani 4K, kisha ikatoa 1920 kwa 1080 tu, ina kisa hichohicho. Mwenyewe hulaumu mashine au skrini, ilhali historia inaonyesha kuwa kikwazo kiko katikati, kwenye tundu. VGA ya IBM ya mwaka 1987 ilianza na nukta 640 kwa 480, na tundu lake la pini 15 likadumu kwenye projekta kwa zaidi ya miaka 20. Tundu la HDMI lilipotoka mwishoni mwa 2002 lilikatwa kwa kipimo cha televisheni za siku zile: mapigo milioni 165 kwa sekunde. Toleo la 1.4, la 2009, lilikuwa na kikomo cha milioni 340. Sasa skrini ya 4K ikichorwa mara 60 kwa sekunde hutaka milioni 594, na hapo mlango ni mwembamba. Ikichorwa mara 30 hutaka 297, ikapita. Ni toleo la 2.0, mwaka 2013, lililofika 600.

Yuko atakayesema dawa ni waya wa bei. Hajakosea kabisa, kwa kuwa waya mbovu huangusha picha. Ila waya mpya hautanui tundu la laptopu ya 2012, kama bomba pana lisivyochimba kina cha gati. Mwingine atasema skrini inadanganya. Tangu 1994 skrini huitajia kompyuta uwezo wake kwa EDID, na kigeuzi duni kikiukata ujumbe huo, kompyuta hukisia na kushuka. Basi kitolewe kigeuzi kwanza, pochi baadaye. Tundu la DisplayPort 1.2, la mwaka 2010, likiwapo na chipu ya picha ikikubali, 4K hupita mara 60. Lisipokuwapo, mara 30 haziiharibu filamu, maana sinema nyingi hupigwa picha 24 kwa sekunde. Mshale wa kipanya tu ndio utakaoonekana ukijikokota.