Miiko ya Taaluma: Istilahi ya Akiolojia Wakati wa Vita

Istilahi "maadili ya kitaaluma" hupungukiwa inapotumiwa kwa akiolojia ya wakati wa vita, kwa kuwa maadili hueleza mwenendo mwema unaotarajiwa, ilhali vita humtaka mtafiti ajue kwanza yale asiyopaswa kuyatenda hata akiamriwa. Inayofaa zaidi ni "miiko ya taaluma", kwa neno lililozoeleka tangu Azimio la Arusha la 1967, ambamo chama cha TANU, chini ya Mwalimu Nyerere wa Butiama, iliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Kwamba mwiko ni pia chombo anachochimbia mwanaakiolojia ni sadfa tu, ingawa si mbaya.

Haja ya miiko inatokana na daftari la mtafiti. Anayekusanya vigae kwenye vilima vya mawe kati ya Bunda na Musoma huandika, pamoja na rangi ya udongo na kina cha kila tabaka, njia za mifugo, mapango, mahali pa maji na makaburi ya koo, hivi kwamba ramani aliyoichora kwa idhini ya wazee yaweza, jeshi likiitaka, kutumika kuwasaka wajukuu wao.

Hatari hiyo si ya kufikirika tu: mwanaakiolojia Louis Leakey alifanya kazi ya upelelezi kwa serikali ya kikoloni ya Kenya wakati wa Vita Kuu ya Pili, huku uchimbaji wake wa Olorgesailie ukitumia nguvu za wafungwa wa vita wa Kiitalia. Mwishoni mwa 1952, wakati wa hali ya hatari, akawa mkalimani katika kesi ya Jomo Kenyatta kule Kapenguria, hadi upande wa utetezi ulipoipinga tafsiri yake naye akajiondoa. Si haki kumlaumu kwa wepesi mtu aliyekulia miongoni mwa Wakikuyu, lakini ufasaha aliopewa na jirani zake ndio uliomfanya atakiwe na watawala wao.

Mkataba wa The Hague wa 1954, unaolinda mali za kiutamaduni vitani, huzibana dola na majeshi, wala haumwambii msomi akatae nini. Mwanaanthropolojia Franz Boas alijaribu kumwambia: mwaka 1919 aliwashutumu hadharani wanataaluma wanne, bila kuwataja majina, kwa kufanya ujasusi wakijisingizia utafiti, na chama cha wanaanthropolojia wa Marekani kikamkaripia yeye, karipio lililofutwa mwaka 2005.