Umbo Kabla ya Nguvu: Historia ya Kuimarisha Viunzi vya Nyuzi-nano kwa Ajili ya Tishu ya Mfupa, 1969–2009

Utangulizi

Mfupa uliovunjika huweza kuunga wenyewe iwapo ncha zake zimekaribiana na kutulizwa kwa gango. Pengo kubwa linaloachwa na ajali, saratani au maambukizi halizibiki kwa njia hiyo, hulazimu kujazwa. Kijazio kinachopendelewa na madaktari wa upasuaji ni mfupa wa mgonjwa mwenyewe, hususan wa nyonga, lakini haupatikani bila jeraha la pili, na kiasi chake ni haba. Insha hii inachunguza jinsi watafiti walivyotafuta mbadala katika viunzi vya nyuzi-nano, yaani nyuzi ambazo unene wake hupimwa kwa nanomita. Hoja yake kuu ni kwamba nyuzi hizo zilikubaliwa kwa sababu ya umbo lake kabla ya kuthibitishwa kuwa zinaweza kubeba uzito. Kwa hiyo, historia ya kuziimarisha ni historia ya kulipa deni hilo.

Vijazio vilivyokusudiwa kudumu

Mwaka 1969, Larry Hench wa Chuo Kikuu cha Florida alibuni kioo chenye silika, sodiamu, kalsiamu na fosforasi ambacho kilishikamana na mfupa hai. Msukumo wa kazi hiyo ulikuwa mazungumzo yake ya mwaka 1967 na kanali wa jeshi la Marekani aliyerejea kutoka Vietnam, ambaye alitaka kujua kama kingeweza kupatikana kitu kisichokataliwa na mwili wa majeruhi. Kioo hicho kilishikamana vyema, ila kilikuwa chepesi kuvunjika.

Mwaka 1981, William Bonfield na wenzake jijini London walifuata njia nyingine. Kwa kuwa mfupa ni mchanganyiko wa kolajeni inayonyumbulika na madini magumu, walichanganya unga wa haidroksiapataiti na plastiki ya polithini. Ukakamavu wa mchanganyiko huo ulikaribia ule wa mfupa. Hata hivyo, polithini haiyeyuki mwilini. Vijazio vyote viwili vilikusudiwa kukaa mahali pa mfupa, si kuupisha.

Kukubaliwa kwa nyuzi-nano

Mtazamo huo ulibadilika kwa kiasi kikubwa baada ya Robert Langer na Joseph Vacanti kuchapisha makala yao kuhusu uhandisi wa tishu katika jarida la Science mwaka 1993. Katika mtazamo mpya, kiunzi kilikuwa makazi ya muda: seli zingekikalia, zingejenga tishu, nacho kingeyeyuka.

Mbinu ya kutengeneza makazi hayo ilikuwa imetokea katika utengenezaji wa nguo. Anton Formhals alipata hataza ya kusokota nyuzi kwa umeme nchini Marekani mwaka 1934, na katika miaka ya 1990 Darrell Reneker na wenzake katika Chuo Kikuu cha Akron waliifufua mbinu hiyo kimaabara. Mwaka 2002, Wan-Ju Li, Cato Laurencin, Rocky Tuan, Frank Ko na mwenzao waliipendekeza kwa uhandisi wa tishu. Walisisitiza mfanano wa kimaumbile baina ya nyuzi zao na mazingira asilia yanayozunguka seli. Mwaka uliofuata, kundi la Yoshimoto, akiwemo Vacanti, lilipanda seli shina za uboho wa panya juu ya nyuzi za polikaprolaktoni. Baada ya wiki 4, kolajeni na madini vilionekana. Seli zilikuwa zimeyakubali makazi. Uwezo wa makazi hayo kustahimili uzito wa mwili ulibaki bila jibu.

Kulipa deni

Deni lenyewe lilikuwa kubwa. Mfupa mgumu wa nje huhimili mgandamizo unaozidi megapaskali 100, na ukakamavu wake hufikia gigapaskali 10 hadi 20. Polikaprolaktoni isiyo na vitundu haifikii hata gigapaskali 1, na mkeka wa nyuzi wenye vitundu vingi uko chini zaidi.

Njia ya kwanza ya uimarishaji ilirithi wazo la Bonfield: kuingiza chembe za madini ndani ya uzi. Kasoro yake ni kwamba chembe zinapozidi hushikana mabonge, na uzi hukatika penye bonge. Njia ya pili ilitumia kimiminika kinachofanana na maji ya mwili, kilichoelezwa na Tadashi Kokubo mwaka 1990, ili kuyaotesha madini juu ya uzi. Mwaka 2009, watafiti wa St. Louis waliitumia njia hiyo kuotesha madini kwa viwango vinavyopungua hatua kwa hatua, wakiiga mahali kano inapoungana na mfupa. Njia ya tatu ilihusu muundo: kuzipanga nyuzi upande mmoja au kuziunganisha zinapokutana.

Kila njia ilidai gharama. Mkeka ulioshonana zaidi huwa imara, lakini huzizuia seli kupenya. Aidha, vipimo vingi vya maabara huhusu kuvuta mkeka mwembamba, ilhali mfupa wa mguu hugandamizwa, hupindwa na kusokotwa, tena ukiwa katika umajimaji wenye joto la mwili. Ongezeko la nguvu katika kipimo cha kwanza si ushahidi wa kutosha kuhusu hali ya pili.

Hitimisho

Historia hii inaonesha kuwa swali la nguvu lilirithiwa kutoka enzi ya vijazio vya kudumu bila kurekebishwa. Kwa kioo cha Hench, ilitosha kuuliza nguvu ni kiasi gani. Kwa kiunzi kinachoyeyuka, sharti kuuliza pia nguvu hizo zitadumu hadi lini na zitakabidhiwa kwa nani. Kiunzi kikiwahi kulegea, pengo hubaki. Kikichelewa, mfupa mpya hunyimwa mzigo unaoukomaza. Gango huondolewa na mkono wa mtu anayeona kuwa mfupa umeunga. Kiunzi hakina mkono huo. Uamuzi wake hufanyika siku kinapotengenezwa. Kwa sababu hiyo, tafiti zinazopima nguvu za mkeka mkavu siku ya kwanza pekee zinajibu nusu ya swali, na nusu iliyobaki ndiyo inayomhusu mgonjwa.