Abakama Vitani na Bei ya Kibanja

Roma ina Romulus. Buhaya, nchi ya Wahaya, ina Ruhinda. Masimulizi ya Karagwe, Ihangiro na Kyamutwara yanamtaja kuwa chimbuko la ukoo wa Bahinda. Kiziba, upande wa kaskazini, wanamsimulia Kibi, mwindaji aliyetoka Bunyoro na mbwa wake, akawagawia wenyeji nyama mpaka wakamkubali awatawale. Roma ya kale nayo haikuona aibu kutawaliwa na wageni, kwani Numa alikuwa Msabini na akina Tarquinius walitoka Etruria. Mimi nampenda zaidi Kibi. Romulus alimuua ndugu yake mwanzoni kabisa mwa mji wake. Kibi alianza kwa kulisha watu.

Lakini mtawala hupimwa siku adui anapofika. Mwaka 431 KK, Sparta ilipoivamia Attika, Perikles aliwashauri Waathene waache mizeituni na mizabibu yao ichomwe, wahamie ndani ya kuta za mji, kwa kuwa merikebu zingewaletea nafaka kutoka ng'ambo. Mwaka uliofuata tauni ikawakuta wamebanana humo, na mwaka 429 KK ikamuua hata yeye. Ushauri ule mukama, yaani mfalme, wa Kianja au wa Ihangiro katika Buhaya asingeweza kuutoa. Chakula kikuu cha Mhaya kilikuwa kibanjani: migomba inayozunguka nyumba, buni katikati, maharage chini yake. Ardhi nyingi ya huku ni chovu. Kibanja kinakuwa kibanja kwa sababu mtu amekitandazia nyasi na samadi mwaka baada ya mwaka, baba kisha mwana. Ukimwacha adui afyeke migomba, umekiacha kizazi kizima cha jasho, na hakuna merikebu itakayokuja kukulisha. Kwa hiyo mukama mdogo aliyezungukwa na wakubwa alikuwa na njia moja: kutafuta rafiki mwenye nguvu kabla jirani hajampata.

Kahigi wa Kianja aliliona hilo mapema kuliko wenzake. Emin Pasha alipofungua kituo cha Wajerumani Bukoba, Novemba 1890, Kianja ilikuwa dola dogo. Kahigi akajiweka karibu na maofisa wa kituo, Langheld akiwa mmoja wao, na bunduki za askari wao zikawa kama zake. Mipaka yake ikapanuka, na sehemu ya nchi ya jirani yake, Mukotani wa Kyamutwara, ikaangukia mikononi mwake. Mutahangarwa wa Kiziba naye alishika njia hiyohiyo ya urafiki. Mwaka 1906 Bukoba ikafanywa eneo la utawala wa kupitia wafalme, sawa na Rwanda na Burundi, na Kahigi akawa mkubwa wa wakubwa. Ulikuwa ushindi mkubwa kwa mtu aliyeanza na kidogo, na sioni haki kumwita msaliti: hakukuwa bado na taifa la kusalitiwa.

Kisha vita ya Wazungu ikaingia Ziwa Viktoria. Juni 1915 Waingereza walivuka kutoka Kisumu kwa meli, wakateremka chini ya miamba iliyo kaskazini ya mji wa Bukoba. Walipigana kwa siku mbili. Miongoni mwao alikuwemo Frederick Selous, mwindaji mashuhuri, mwenye umri wa miaka 63. Tarehe 23 Juni waliingia mjini, wakalipua mnara wa simu ya upepo ambao ndio hasa uliowaleta, wakapora maduka na nyumba, kisha wakapanda meli na kuondoka. Katuruka, huko Maruku, wazee walikuwa wakisimulia tangu zamani habari za Rugomora Mahe, mukama aliyejenga mnara wa chuma ili aone mbingu, ukaanguka. Safari hii mnara ulikuwa wa mgeni, na aliyeuangusha ni mgeni mwingine. Rafiki Mjerumani aliyetegemewa kuilinda nchi nzima alishindwa kuulinda mji wake mwenyewe.

Katikati ya 1916 Wajerumani walirudi nyuma, na Waingereza wakachukua Bukoba. Kahigi alifariki mwaka huohuo. Ila deni la urafiki wake na wa watawala wenzake lilibaki shambani. Chini ya ulinzi wa Wajerumani, nyarubanja zilikuwa zimeongezeka: mukama anamkabidhi ndugu au mtumishi wake eneo la vibanja ambavyo tayari vina watu, na mwenye kibanja anaamka mtwarwa, yaani mpangaji, anadaiwa sehemu ya ndizi, pombe na buni apeleke kwa mtwazi, bwana wake mpya. Migomba ni ileile, iliyopandwa na babu yake. Yeye hakuonja vita yoyote, wala hakushindwa na mtu. Waingereza waliuacha mpango huo uendelee. Utawala wa machifu ulifutwa Tanganyika mwaka 1963, na ilipofika 1965 ndipo Bunge likatunga sheria ya kuwakomboa watwarwa wa nyarubanja, karibu miaka hamsini baada ya Kahigi kuzikwa.