Tohara Ilivyofika kwa Wajaluo

Desemba 2006, utafiti uliokuwa ukiendelea Kisumu, nchini Kenya, ulisimamishwa kabla ya muda wake. Sababu ilikuwa njema. Vijana 2,784, wenye miaka 18 hadi 24, walikuwa wamegawanywa makundi mawili: hawa watahiriwe mara moja, wale wangoje. Maambukizi ya virusi vya ukimwi kwa waliotahiriwa yakawa takriban nusu ya yale ya wenzao. Kuendelea kuwangojesha kungekuwa dhuluma, basi nao wakakaribishwa kutahiriwa. Rakai, nchini Uganda, matokeo yalikuwa hayo hayo, na Orange Farm, Afrika Kusini, yalikwisha kujulikana mwaka uliotangulia. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani likapendekeza tohara ya hiari.

Dokezo lilikuwepo tangu zamani. Mwaka 1989 watafiti wa Nairobi waliandika kwamba wanaume wasiotahiriwa waliokuja kutibiwa magonjwa ya zinaa walikuwa wepesi zaidi kuambukizwa virusi vya ukimwi. Ngozi ya ndani ya govi ni laini, tena imejaa chembe ambazo virusi hivyo huzishambulia.

Lakini Nyanza, mkoa ulioumizwa na ukimwi kuliko yote nchini Kenya, Wajaluo hawakuwa na desturi ya jando. Desturi yao ilikuwa kung'oa meno sita ya chini. Kwa kutotahiri walitukanwa miaka mingi majukwaani, wakaambiwa asiyetahiriwa ni mtoto, na mtoto hawezi kuongoza nchi. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, wanaume Wajaluo walikatwa kwa nguvu Naivasha na Nakuru, kwa mapanga na vipande vya chupa. Ule ulikuwa unyama, na kuuita tohara ni kuwadhulumu mara ya pili.

Mwaka huo huo serikali ikataka kuwaletea wembe wa hospitali! Wazee wa baraza la Wajaluo walipokataa, sioni wa kuwalaumu. Waziri Mkuu Raila Odinga alijitokeza hadharani kuiunga mkono tohara, akisisitiza kuwa hili ni jambo la afya, si la mila. Novemba 2008 mpango ukazinduliwa. Mwishoni mwa 2009, katika siku 30 za kazi, walitahiriwa zaidi ya 36,000.

Hapakuwa na ngoma wala manyakanga. Kijana alidungwa ganzi, akatahiriwa, akashonwa, akaelezwa kwamba kinga hii si kamili: asiache kondomu, na asikutane na mwanamke kwa wiki sita. Kisha akarudi kwao, Mjaluo yule yule.