Keki ya harusi kwa bajeti ndogo: Mambo ya kumuuliza mpishi kabla ya kulipa

Na Mwandishi Wetu, Usa River

KAMATI za harusi katika mji mdogo wa Usa River, wilayani Meru mkoani Arusha, hubishana kwa saa nyingi kuhusu vinywaji, ukumbi na muziki, lakini suala la keki mara nyingi humalizwa kwa dakika tano. Anatajwa ndugu wa mjumbe mmoja anayepika keki, inatajwa bei, na kikao kinahamia kwenye ajenda inayofuata.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuwa katibu wa kamati iliyofanya hivyo. Keki iliyoahidiwa kuwa ya ghorofa tatu iliwasili saa 2:00 usiku, ghorofa ya chini ikiwa imepasuka, na maharusi wakalishana huku mpambaji akiishikilia kwa nyuma isianguke. Bei yake ilikuwa ya chini kuliko zote zilizoletwa kikaoni. Hakuna mjumbe aliyekuwa ameuliza ingesafirishwaje.

Mwenye fedha kidogo ndiye anayepaswa kuuliza maswali mengi, kwa sababu keki ikiharibika Jumamosi jioni hakuna fedha ya kununua nyingine, na hata ingekuwapo, hakuna muda.

Swali la kwanza linahusu kilo. Wapishi wengi wa keki hutaja bei kwa kilo, lakini neno hilo halina maana moja. Wapo wanaomaanisha uzito wa keki iliyokwisha kuiva, na wapo wanaomaanisha kilo ya unga uliotumika. Tofauti yake ni kubwa. Katika upishi wa kawaida unaofahamika majumbani, nusu kilo ya unga huchanganywa na nusu kilo ya siagi, nusu kilo ya sukari na mayai yapatayo 10, ambayo nayo hukaribia nusu kilo. Mchanganyiko huo una uzito wa kilo mbili. Kwa hiyo kilo moja ya unga hutoa mchanganyiko wa kilo nne, na baada ya sehemu ya maji kupotea katika tanuri, hubaki keki ya takriban kilo tatu na nusu.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mpishi wa kwanza anataka Sh 60,000 kwa kilo, wa pili Sh 25,000. Kamati itamkimbilia wa pili. Lakini ikiwa wa kwanza anahesabu unga na wa pili anahesabu keki iliyoiva, kila kilo ya keki ya yule wa kwanza inagharimu takriban Sh 17,000, yaani ndiye mwenye bei nafuu. Aidha, ni muhimu kuuliza iwapo uzito unaotajwa unajumuisha urembo wa juu, kwani sukari ya urembo ni nzito na inaweza kuongeza uzito pasipo kuongeza keki.

Baada ya hapo kamati ijiulize yenyewe inahitaji keki kiasi gani. Wageni 300 wakipewa kila mmoja kipande cha gramu 50, zitahitajika kilo 15. Wakipewa vile vipande vidogo vinavyopitishwa kwenye sahani vikiwa na vijiti vya meno, vyenye gramu 20 hivi, kilo sita zinatosha. Ziongezwe keki mbili ndogo za wazazi wa pande zote, ambazo ni vigumu kuziondoa katika bajeti bila kuzua manung'uniko.

Njia inayopunguza gharama kuliko zote ni kutenganisha keki ya kutazamwa na keki ya kuliwa. Keki ya mezani iwe ndogo na nzuri, hata kama ghorofa mojawapo ni bandia iliyopakwa urembo, na ya wageni iokwe kwenye trei bila mapambo na kukatwa jikoni. Gharama kubwa ya keki ya harusi haitokani na unga wala mayai, bali na saa za kazi ya mikono zinazotumika kutengeneza maua na kusawazisha kuta. Hakuna mgeni atakayejua kipande chake kilitoka wapi. Isitoshe, katika harusi nyingi za Meru na Kilimanjaro ndafu huingia ukumbini kwa shangwe. Kamati iliyokwisha kugharimia mbuzi mzima haina sababu ya kushindana naye kwa sukari.

Kuhusu aina ya keki, ratiba na hali ya hewa viamue. Keki ya matunda makavu hugharimu zaidi kwa viambato, lakini inaweza kuokwa wiki mbili au zaidi kabla ya siku yenyewe, hivyo umeme ukikatika Ijumaa usiku hakuna anayeshikwa na homa. Keki laini ya vanila huokwa siku moja au mbili kabla, na mpishi wake aulizwe bayana atafanya nini umeme usipokuwapo. Mwenye jiko la gesi ana jibu. Urembo wa siagi huyeyuka chini ya turubai katika joto la Januari na Februari. Unaodumu zaidi katika joto ni ule wa sukari unaokauka na kuwa mgumu, ingawa watoto huulalamikia.

Mwinuko wa ardhi nao una athari. Usa River iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya mteremkoni kama Nkoaranga viko juu zaidi. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi, keki huumuka upesi na inaweza kudidimia katikati iwapo hamira ya unga haikupunguzwa kidogo. Mpishi aliyehamia karibuni kutoka Dar es Salaam na kipimo chake cha pwani aombwe kuoka keki ya majaribio hapa hapa.

Kuonja ni lazima. Picha zinazotumwa kwa simu hazithibitishi chochote, kwani nyingi huchukuliwa kwenye mtandao. Mwombe mpishi akuuzie keki ndogo ya kawaida, uikate siku ya kwanza na ya tatu. Atakayekataa kupokea fedha kwa kazi ndogo kama hiyo hafai kukabidhiwa kubwa. Wahitimu wa Chuo cha Hoteli na Utalii cha VETA kilichopo Njiro, Arusha, wamefundishwa kazi ya jikoni, lakini cheti hakichukui nafasi ya ulimi. Jiko lake pia litazamwe. Usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishwa kutoka TFDA kwenda Shirika la Viwango Tanzania (TBS) mwaka 2019, ila kwa mama anayeoka nyumbani, macho ya mteja ndiyo ukaguzi wa kwanza.

Makubaliano yaandikwe. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua hata mapatano ya mdomo, lakini kuyathibitisha ni kazi nyingine. Karatasi moja inatosha: uzito na namna ulivyopimwa, ladha, rangi, saa ya kufikisha, na nani analipa ikivunjika njiani. Malipo ya awali yasizidi nusu, na ujumbe wa malipo ya simu usifutwe.

Mwisho ni usafiri, ulioiponza kamati yetu. Harusi nyingi hufanyika Jumamosi, na Jumamosi ni siku ya soko la Tengeru. Keki inayotoka Arusha mjini husafiri kilomita zaidi ya 20, hupita penye msongamano huo, na njia nne zinazoanzia Sakina huishia Tengeru. Baada ya hapo kuna matuta, na kwa wanaoishi mbali na lami, barabara ya vumbi au matope ya masika. Mpishi wa Leganga au Maji ya Chai mwenye bei ya juu kidogo anaweza kuwa nafuu ukijumlisha gari. Ghorofa zisafirishwe zikiwa zimetenganishwa, kila moja katika boksi lake kwenye sakafu ya gari, si mapajani, na zipangwe ukumbini kabla ya saa 10:00 jioni. Stendi ikiwa ya kuazima, ateuliwe mjumbe mmoja wa kuirudisha Jumatatu, vinginevyo kamati itailipia.