Eko ya moyo kwa watoto

Eko ya moyo (pia: ekokadiografia) ni kipimo kinachotumia mawimbi ya sauti kuonyesha umbo la moyo na mwendo wa damu ndani yake. Kwa watoto ndicho kipimo kikuu cha kutambua kasoro za moyo za kuzaliwa nazo, ambazo duniani hupatikana kwa watoto takriban 8 hadi 10 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai. Nchini Tanzania watu wengi huziita "tundu kwenye moyo", ingawa si zote ni matundu. Nyingine ni valvu nyembamba, mishipa mikubwa iliyobadilishana nafasi, au mshipa uliotakiwa kujifunga baada ya kuzaliwa ukabaki wazi.

Eko haitaji jina la kasoro tu. Huonyesha pia kama kasoro hiyo bado inaweza kurekebishwa, na jibu hilo hubadilika kadiri mtoto anavyokua. Ndiyo maana kuchelewa kupimwa ni jambo zito mahali palipo mbali na wataalamu, kama wilaya ya Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma.

Jinsi inavyofanya kazi

Mpimaji hupaka jeli kifuani mwa mtoto na kuweka proba katikati ya mbavu. Proba hutuma sauti isiyosikika kwa sikio na kupokea mwangwi wake. Mashine huugeuza mwangwi huo kuwa picha inayotembea. Kwa mtu mzima hutumika mawimbi ya megahezi 2 hadi 5 hivi; kwa mtoto mchanga huwa ya juu zaidi, kwa kuwa kifua chake ni chembamba na moyo wake ni mdogo. Kipimo hakina mionzi wala hakiumi. Shida kubwa ni mtoto kulia na kurukaruka, hivyo mara nyingi hupimwa akiwa ananyonya au amelala. Inge Edler na Hellmuth Hertz walikifanya kwa mara ya kwanza huko Lund, Uswidi, mwaka 1953.

Sehemu ya pili ya kipimo ni Doppler, inayopima kasi ya damu. Kwa kawaida damu inayokuja kuelekea proba huonekana nyekundu na inayoondoka huonekana bluu. Rangi hizo hazina uhusiano wowote na kiasi cha oksijeni. Kutokana na kasi, daktari hukadiria tofauti ya shinikizo: kasi (kwa mita kwa sekunde) huzidishwa kwa yenyewe, kisha kwa 4. Damu ikipita kwenye tundu kati ya vyumba viwili vya chini kwa mita 4 kwa sekunde, tofauti ni milimita 64 za zebaki. Maana yake shinikizo la upande wa kulia bado liko chini na mapafu yamelindwa. Tundu likiwa kubwa na kasi ikiwa ndogo, shinikizo la pande mbili limekaribiana, na mapafu ndiyo yanayobeba mzigo.

Hapo ndipo kusikiliza kwa stethoskopu kunapoweza kudanganya. Tundu dogo hupiga kelele nyingi, lakini kubwa laweza kuwa kimya, hasa katika siku za kwanza za maisha.

Mzigo huo ukiendelea kwa miaka, mishipa ya mapafu hukakamaa, na hatimaye damu hugeuza njia na kuanza kutoka kulia kwenda kushoto. Hali hii huitwa sindromu ya Eisenmenger. Ikishafika hapo, kuziba tundu humdhuru mgonjwa badala ya kumponya. Kwa hiyo tundu kubwa la vyumba vya chini kwa kawaida hupendekezwa lifungwe ndani ya mwaka wa kwanza.

Picha nyingine

Eksirei ya kifua huonyesha ukubwa wa moyo na wingi wa damu mapafuni. Katika tetralojia ya Fallot, iliyopewa jina la daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1888, moyo huweza kuonekana kama kiatu cha buti; hata hivyo eksirei ya kawaida haiondoi uwezekano wa kasoro. Siti skani na MRI hutumika mishipa ya nje ya moyo isipoonekana vizuri kwa eko.

Mbinga na mwambao wa Nyasa

Wilaya ya Nyasa, yenye makao makuu Mbamba Bay, ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Eneo hili lina hospitali za misheni za miaka mingi, kama Litembo katika milima ya Wamatengo na Liuli ziwani, na Peramiho iko upande wa Songea. Mashine ya altrasaundi ya wajawazito yenyewe haitoshi kwa eko: inahitaji proba ya moyo, programu ya Doppler na, zaidi ya yote, mtu aliyefundishwa kusoma moyo wa mtoto.

Rufaa ya mwisho ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) jijini Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka Songea. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na JKCI ikawa taasisi inayojitegemea mwaka 2015. Kabla ya hapo wagonjwa wengi walipelekwa India kwa gharama za serikali.

Katika zahanati, dalili za kumpeleka mtoto mbele ni kuchoka na kutokwa jasho anaponyonya, kupumua haraka, kutoongezeka uzito na nimonia za kurudiarudia. Kwa ngozi nyeusi rangi ya bluu huonekana vizuri zaidi kwenye ulimi na fizi.

Kasoro nyingine huonekana kabla ya kuzaliwa, mimba ikiwa na wiki 18 hadi 22, mpimaji akitafuta vyumba vinne vya moyo na mishipa mikubwa miwili inayopishana. Mama akijulikana mapema anaweza kupangiwa kujifungulia karibu na wataalamu, badala ya mtoto mchanga mwenye mishipa iliyobadilishana nafasi kusafirishwa kutoka Mbamba Bay akiwa tayari amepungukiwa oksijeni.