Chipu ya Aprili 26 na mafundi wa Kariakoo

Anayenunua simu Kariakoo huuliza bei, kisha huuliza la pili: inakaa na chaji? Jibu la swali hilo lina tarehe tunayoijua sote. Aprili 26, 1985, Watanzania wakiadhimisha miaka 21 ya Muungano, chipu ya kwanza ya ARM iliwashwa mjini Cambridge, Uingereza, ikafanya kazi. Kwetu, kompyuta zilikuwa zimepigwa marufuku kuingizwa nchini mwaka 1974.

Walioibuni ni Sophie Wilson na Steve Furber wa kampuni ya Acorn. Bosi wao, Hermann Hauser, amekuwa akisema aliwapa vitu viwili ambavyo wapinzani wao hawakuwahi kuwapa wahandisi wao: kukosa fedha na kukosa watu.

Uhaba huo ndio uliozaa uwekevu. Chipu inayokula umeme mwingi hupata moto, na yenye moto hudai gamba la kauri, ambalo ni ghali. Acorn walitaka la plastiki, hivyo wakajiwekea ukomo wa wati 1. Hawakuwa na zana za kukadiria kwa uhakika, basi wakabana kila mahali. Ilipotoka kiwandani, ilikula kama sehemu ya kumi tu ya wati hiyo.

Furber amelisimulia mara nyingi lililofuata. Alipachika ammita kwenye njia ya umeme wa chipu, ikasoma sifuri. Programu zinakwenda, kipimo kinasema hakuna kitu. Walipoikagua bodi wakagundua kwamba umeme haukuwa ukiifikia chipu kabisa. Ilikuwa ikiishi kwa umeme kidogo uliopenya kupitia nyaya za mawimbi kutoka kwa chipu jirani.

Mengine yalikwenda haraka. Mwaka 1990 ARM ikawa kampuni, Apple akiwa mmoja wa wabia. Nokia wakaitia kwenye simu zao. Mwaka 2020 Apple wakauza MacBook Air isiyo na feni, yenye chipu ya ukoo huohuo.

Lakini uwekevu ule ulionekana faida yake hapa. Katika mgawo wa umeme wa 2006 na wa 2011, mtaa mzima ukiwa gizani, simu ya kitochi iliendelea kuita.

Leo fundi simu wa Kariakoo huanza kazi kama Furber: huunganisha simu na pawa saplai, kisha husoma ampea. Zikipanda kabla hajabonyeza kitufe, anajua kuna shoti. Ujuzi huo hupita meza hadi meza, na vyuo vyetu vinapaswa kuuandika na kuufundisha. Kilichozaliwa kwa uhaba kule Cambridge kilihitaji watu wawili wanaojali kila chembe ya umeme. Watu wa namna hiyo Kariakoo inao.